Nani Alikupumulia Ukumbini?

Nyumbani, 4 Aprili

Mume wangu Fundi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama mkweo, ingawa za Mama zimekuja na kicheko, nitakueleza. Ulisema nisikupigie simu kwa kuwa humo ukumbini hakuna mtandao, nami nimekubali kwa moyo mkunjufu. Kwenye simu wewe husema "mm, mm" kama njiwa. Kwenye karatasi angalau utalazimika kutafuta maneno.

Bwana Chupa alikuja Alhamisi. Mama ndiye aliyempa jina hilo, kwa vile vichupa vya damu anavyovipanga kwenye kisanduku chake kama mayai. Ameleta majibu. Unakumbuka alivyotueleza tulipotia saini: chanjo ya mafua makali ya kifua tumekwisha kupata, sasa wanataka kujua inatulinda kwa muda gani, kwa hiyo kila wiki sita wanapima kinga iliyobaki kwenye damu. Basi, mwaka na nusu tangu tuchomwe, namba yangu ni mia nne na kumi na mbili. Yako, ile damu uliyotoa kwenye zahanati ya huko, ni tisini na sita. Hapo ndipo Mama alipocheka.

Akaacha upesi, maana jambo lenyewe linamhusu yeye. Alichanjwa wiki ile ile yetu, ila kwa miaka yake themanini na mmoja hawakumtaka kwenye utafiti. Kifua chake unakijua. Kamati itakaa Juni, itazame namba zetu, iamue kama wazee wapewe dozi ya pili kabla baridi haijakolea au wangoje mwaka mwingine, kwa sababu dozi ni chache. Mama anasema siku hizi anaishi kwa damu za watu.

Bwana Chupa alikunywa chai, akatengeneza komeo la dirisha la sebuleni, lile ulilosema utalitengeneza.

Mkeo,
Bibi Kimya wa maktaba


Ukumbini, nyuma ya jukwaa, 11 Aprili

Mke wangu Bibi Kimya,

Barua yako nimeisomea kwenye kiti cha safu ya tatu nilichokuwa nakitengeneza. Nilipofika kwenye komeo la dirisha nikaruka, ndipo nikagundua nilikuwa nimekalia visumari vyangu mwenyewe muda wote huo bila kusikia.

Tisini na sita! Tulichomwa siku moja, chumba kimoja, muuguzi mmoja. Tena mimi ndiye niliyetangulia ili uone kwamba haiumi. Nilianguka kwenye benchi, kweli, lakini nilitangulia. Mtu akitangulia apewe chake.

Hapa nimemaliza viti mia mbili na kumi kati ya mia sita na arobaini. Navua mahameli ya zamani, nang'oa sponji iliyogeuka unga, naweka mpya, napiga visumari, nahamia kiti cha jirani. Nalala kwenye chumba cha waigizaji, mbele ya kioo chenye taa kumi na mbili, na kila taa inanionyesha uzee wangu kwa upande wake. Hakuna binadamu anayepita. Mlinzi hunipa ufunguo kupitia dirishani, chakula huachwa mlangoni. Tangu nifike nimezungumza na panya tu, naye si msemaji.

Sasa nina maswali machache, ya kitaalamu tu. Kwanza, kutoa damu kunachukua dakika ngapi? Huku wananimaliza kwa dakika tatu na kunionyesha mlango. Hiyo chai inaingilia wapi? Pili, komeo la dirisha limekuwa suala la afya tangu lini? Tatu, anakuitaje? Akikuita shemeji, sina neno. Akikuita dada, nitafikiri. Akikuita kwa jina lako, nafunga mizigo.

Msalimie Mama. Mwambie nimesikia alivyocheka mpaka huku.

Mumeo,
Fundi (namba tisini na sita)


Maktabani, 20 Aprili

Mume wangu,

Majibu ya kitaalamu haya hapa. Dakika nane za damu na ishirini za chai, kwa kuwa aliyetoa damu haruhusiwi kunyanyuka haraka. Ni kanuni, nimeiona imeandikwa. Komeo lilikuwa suala la upepo. Na ananiita Mshiriki Namba Saba.

Kwa kuwa najua swali la nne limekukwama kooni: ndiyo, ni mrefu. Amefiwa na mkewe miaka mitatu sasa. Sauti yake ni ndogo, maktabani hapa ingefaa sana. Kila akija anaazima kitabu, na hukirudisha siku yake, jambo ambalo katika nyumba yangu halijawahi kutokea. Amesema damu yangu ni ya kupigiwa mfano, ameionyesha hata kwa wakubwa wake. Kuhusu yako, alisema mshuko huo ni wa kawaida kabisa kwa mwanamume wa umri wako. Nikamwomba aniandikie maneno hayo nikutumie, akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

Mama anasema usinune. Tisini na sita ndiyo inayomfaa yeye, maana namba zikishuka ndipo kamati itakapoona kuwa wazee hawawezi kungoja. Kwa hiyo endelea kushuka, baba. Kwa mara ya kwanza katika maisha yako kuanguka kwako kunamsaidia mtu.

Mkeo


Ukumbini, 29 Aprili

Mke wangu,

Nimepata barua. Nafurahi kwa ajili ya Mama.

Hapa mambo ni shwari. Viti mia tatu na tano. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito siku mbili, nadhani ni nyundo, sasa umepona. Haya mambo ya namba nadhani tumeyazungumza vya kutosha. Sisi ni watu wazima, si watoto wa shule wanaolinganisha alama.

Damu nitatoa tarehe kumi na tano kama kawaida. Kama haina ulazima sana, ningeweza kuruka zamu hiyo. Waulize.

Mumeo


Nyumbani, 27 Mei

Fundi,

Niliuliza. Walisema zamu hairukwi, nawe ulitoa, na majibu yamefika.

Elfu moja mia nane na themanini.

Bwana Chupa alikuja siku isiyo yake, mbio, hata chai hakunywa. Alikuwa na furaha kama mtu aliyeota jino. Akanieleza, nami nikaandika ili nisikosee: namba hupanda kwa njia mbili tu. Ama mtu achanjwe tena, na sisi tulitia saini kwamba hatutachanjwa mpaka utafiti uishe. Ama kirusi chenyewe kimwingie. Kwa hiyo, anasema, wewe umekutana na kirusi uso kwa uso, na hukukohoa hata mara moja. Maana yake chanjo bado inalinda baada ya mwaka na nusu. Wakubwa wake wamefurahi. Wanasema huenda wazee wakangoja mwakani, dozi zipelekwe kwingine. Mama amesikia. Amesema, "Nitaivumilia baridi moja," akaomba blanketi.

Mimi nikamuuliza swali dogo tu: kirusi hiki kinampataje mtu? Akasema, kwa pumzi. Mtu mwenye nacho awe karibu nawe, ndani ya chumba, kwa muda.

Uliniandikia kwamba hakuna binadamu anayepita hapo. Zahanati wanakumaliza kwa dakika tatu, na ukumbini una viti mia sita na arobaini na panya mmoja. Sasa naomba unieleze, mume wangu, taratibu, kwa maneno yako mwenyewe: nani alikupumulia?

Mama hajui kwamba nimeuliza.

Mkeo


Ukumbini, 3 Juni

Mke wangu mpenzi,

Swali zuri sana. Hata mimi nimejiuliza.

Nimekumbuka kuna fundi piano alipita hapa, kama wiki ya tatu ya Aprili hivi, kukagua piano ya jukwaani. Alikaa kutwa nzima. Alikuwa na mafua, akawa anakohoa huku anagonga kinanda, nami nilikuwa safu ya kwanza, karibu kabisa, kwa ajili ya kazi. Sikukuambia kwa sababu mtu kukohoa si habari.

Ndiyo hivyo tu. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Mia nne na hamsini nimemaliza.

Wako wa daima,
Fundi

Ni mtu mzima sana huyo fundi piano. Mzee, na meno hana.


Maktabani, 10 Juni

Fundi,

Kazi yangu ni kupanga vitu kwa tarehe. Nimezipanga barua zako mezani, ile ya Aprili kumi na moja, ya ishirini na tisa, na hii. Nimezisoma kama msomaji wa kulipia.

Ile ya kwanza ina maneno karibu mia mbili, na mzaha kila mstari. Ya pili ina sabini hivi na haina mzaha hata mmoja. Katika miaka yote niliyokufahamu, umekosa mzaha mara mbili: baba yako alipofariki, na siku ulipouza cherehani yangu bila kuniuliza. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito kwa sababu ya nyundo. Wewe hupiga nyundo kwa kulia. Na mwisho hapo chini, bila kuulizwa, umemng'oa meno fundi piano.

Sijasema ni mwanamke. Wewe ndiye uliyekimbilia kunihakikishia kwamba hatamaniki.

Jirani yetu mwenye duka la vifungo amelazwa tangu Jumapili, ni kifua hicho hicho. Mama amesikia, hatoki tena barazani. Kamati inakaa tarehe ishirini na nne. Baada ya hapo Mama atalindwa na blanketi.

Nilikuwa nakucheka kwa wivu wako juu ya Bwana Chupa. Sasa ninaujua utamu wake. Juzi nimekaa na kitabu cha watoto mkononi nusu saa, nimekishika kichwa chini, nikimfikiria mtu anayekohoa safu ya kwanza.

Ukitaka kuficha, ficha vizuri. Ukishindwa, sema.

Mkeo


Ofisi ya Utafiti, 12 Juni

Ndugu Fundi,

Shikamoo, kwa kuwa najua umenizidi miaka. Samahani kwa kukuandikia moja kwa moja.

Katika kundi lenu la waliovuka miaka hamsini na mitano tumebaki na washiriki kumi na mmoja tu. Kumi wanashuka. Wewe umepanda mara ishirini. Katika kundi dogo namna hii mtu mmoja anavuta juu mstari mzima wa wastani, nao wakubwa wanautazama mstari. Mimi nilifurahi mapema mno, na kosa hilo ni langu.

Juzi mkeo alifika ofisini. Alisema maneno machache, lakini nilimwona. Namba yako ina sababu mbili tu. Moja ingemuumiza yeye, nyingine ingekuaibisha wewe. Mimi naomba Mungu iwe hiyo ya pili.

Nimeambatanisha fomu. Kama ulichanjwa tena, jaza tarehe na mahali, na mwisho kabisa kuna mstari wa sababu. Ikifika kabla ya tarehe ishirini na nne, tutakutoa kwenye hesabu na kamati itaona mstari wa kweli. Hutaadhibiwa. Utaacha tu kuwa mshiriki.

Wako katika kazi,
Mpima damu


Ukumbini, 16 Juni

Mke wangu,

Fundi piano hayupo. Hapa hakuna hata piano. Kuna alama nne za miguu yake sakafuni, nikaitunga kutoka hapo. Nisamehe, na yeye anisamehe kwa meno yake.

Nilichanjwa. Tarehe ishirini na moja Aprili, zahanati ya hapa, kwa mkono wa kushoto. Ilikuwa zamu ya wafanyakazi wa mjini. Nilikuwa nimesoma barua yako ya kwanza mara kumi na moja, nikafika mahali nikawa naona namba yako kila nikihesabu visumari. Nikajiambia: nikichoma nyingine, namba itapanda, Bwana Chupa atapeleka karatasi nyumbani, atakaa na chai yake na ataisoma mwenyewe kwa sauti yake ndogo: mumeo, mama, ni simba. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu yote. Mtu wa miaka hamsini na saba, na miwani.

Muuguzi akaniuliza, "Mzee, umewahi kuchanjwa hii?" Nikasema sijawahi. Uongo ulitoka laini kama mahameli. Safari hii sikuanguka hata kidogo, nikajivuna. Halafu nikasikia nyuma yangu anamwambia mama mmoja mwenye kikapu, "Imeisha, shangazi, urudi wiki ijayo." Huyo shangazi nimemwona mawazoni kila siku tangu hapo. Sijui kama alirudi.

Barua yako ya tarehe ishirini, ile ya kuniambia niendelee kushuka kwa ajili ya Mama, ilinifikia siku nne baadaye. Niliisoma nikiwa nimeshika bega. Hapo ndipo nilipopaswa kukuandikia, na hapo ndipo nilipokosa mzaha. Nilitumaini chanjo haitashika. Mimi huyu ambaye hakuna kilichowahi kunishika, nikatumaini. Ikashika mara ishirini.

Fomu nimeijaza na nimeituma leo kwa njia ya haraka, kwenye bahasha yake yenyewe. Tarehe nimeweka, mahali nimeweka. Kwenye mstari wa sababu nilianza kuandika "kusahau", nikafuta. Nikaandika "ushauri usio sahihi", nikafuta. Karatasi ikaanza kutoboka. Mwisho nikaandika neno moja la kweli.

Bwana Chupa aliniamkia shikamoo. Nilipoisoma shikamoo hiyo nilificha uso, na panya yupo.

Mwambie Mama mwenyewe, au niache nimwambie nikija. Chochote utakachochagua nitakistahili. Ukiona nisije kwanza, andika tu, viti bado vipo.

Mumeo,
ambaye hajapumuliwa na mtu


Nyumbani, 27 Juni

Mume wangu,

Fomu ilifika tarehe ishirini na mbili. Nilipopata barua yako siku hiyo hiyo nilikaa sakafuni kati ya rafu mbili, nikacheka, kisha nikalia, kisha mtu akaja kuniambia "kimya jamani, tunasoma." Mimi. Ndani ya maktaba yangu.

Mama nimemwambia mwenyewe. Akasema, "Alitaka kuniua kwa ajili ya kikombe cha chai?" Usidhani alikuwa anatania. Nusu alikuwa anatania. Hiyo nusu nyingine utaikuta barazani ikikungoja, na utaketi uisikilize mpaka iishe, nami sitakuokoa.

Kamati imekaa. Wewe umefutwa, wamebaki kumi, na mstari ukaonekana wenyewe unavyoteremka. Na mimi nimo humo: wiki hii nina mia mbili na sita. Furahi, nimekuachia nafasi. Wote waliovuka miaka sabini watapata dozi ya pili mara moja. Mama amechomwa jana. Bwana Chupa ndiye aliyemshika mkono, na ndiyo, alikunywa chai, na ndiyo, nilimmiminia mimi, na utajifunza kuliandika neno "chai" bila kutoboa karatasi.

Huyo shangazi wa kikapu umtafute kabla hujarudi. Nenda zahanati, waulize, na kama hajapata, mweleze muuguzi ulichofanya. Ukimaliza hilo ndipo upande gari. Viti vilivyobaki vitangoja.

Sasa nikueleze lililotokea kikaoni, kwa kuwa Bwana Chupa alinisimulia huku akijizuia asicheke mbele ya Mama. Fomu za waliotolewa husomwa kwa sauti. Mwenyekiti, profesa mwenye miwani mbili, akasoma tarehe, akasoma mahali, akafika kwenye sababu, akavua miwani moja akavaa nyingine. Akasoma: "Wivu." Akauliza, wivu wa nini? Bwana Chupa akakohoa, akasema anadhani ni juu yake yeye mwenyewe. Katika orodha yao ya sababu hakuna neno hilo, ikabidi waliongeze. Limepewa namba yake.

Kisha profesa akaandika kitu pembeni, akamwagiza Bwana Chupa amuulize mke wa mshiriki, kwa ajili ya kumbukumbu tu, hali hiyo kwa kawaida hudumu muda gani.

Nimemjibu kwa maandishi, nikatia saini: tumeipima miaka thelathini na mmoja, na haijashuka.

Mkeo